Mti Una Mwenyewe

Lori la mbao zangu lilikuwa lipite Mtwapa saa nane za usiku. Hapo tu ningeshtuka, maana mbao ya halali haina sababu ya kusafiri watu wakiwa wamelala. Lakini nilikuwa nimeshapokea arbuni ya mlango, nusu yake nimeshaila, na muuzaji alikuwa ameniapia wallahi kwamba mzigo ni safi. Nikalala na simu mkononi.

Ilikuwa 2019. Mteja wa Nyali alitaka mlango wa mbele wa mabawa mawili, mfaa katikati, yaani ule mti wa wima unaofunika yanapokutana mabawa, miimo ya pembeni ya kuchongwa maua kama ile ya Mji wa Kale, na hakutaka kusikia mti mwingine ila mbambakofi. Sikumlaumu. Seremala yeyote wa pwani aliyewahi kuipigia randa mbao hiyo ajua kwa nini wazee waliipenda: nzito, ya kahawia yenye wekundu, mchwa huikwepa, na ikishakauka haipindi, mvua inyeshe, jua liwake. Watoto wa mashambani huujua mti wenyewe kwa mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu, zinazotungwa ushanga. Taabu ni kwamba hukua polepole mno, na mingi iliyobaki yenye unene wa kutoa mwimo iko mahali ambapo mimi na wewe hatuna ruhusa ya kuingia na msumeno: Arabuko-Sokoke, Shimba Hills, kwenye kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Juu ya hayo, tangu Februari 2018 serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma nchi nzima. Nililijua hilo. Nilijifanya silijui.

Alfajiri simu ikalia. Lori limekamatwa, dereva yuko ndani, mbao zote ziko kituoni. Kibali alichokuwa nacho kilikuwa cha saiprasi. Sh60,000 zangu zikaenda hivyo, na muuzaji namba yake haikupatikana tena hadi leo. Mteja nilimrudishia arbuni yake kwa miezi saba, kidogo kidogo, nikitengeneza vitanda vya paini na kabati za jikoni, kazi ambazo mtu akifanya hana la kujivunia.

Fundi aliyenilea kikazi ni mzee wa Kuze. Nilipokwenda kumweleza, nilitarajia anipe pole.

"Mti ule una mwenyewe," akasema. "Ulimuuliza?"

"Mwenyewe si serikali, mzee?"

"Serikali ina sheria. Mwenyewe ni mwingine."

Alikuwa amesikia, kama nilivyosikia mimi baadaye, kwamba huenda magogo yale yalitoka kwenye kaya. Sikupata uhakika, na sidhani nitaupata. Lakini neno lile lilinikaa. Kaya si msitu mtupu. Ni mahali Wamijikenda walipoishi, wakazika wazee wao, na wakaacha miti isikatwe kwa amri ya mila kabla hatujawa na askari wa misitu. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza kaya kadhaa kwenye orodha ya urithi wa dunia, misitu 11 iliyotawanyika pwani kwa urefu wa kilomita kama 200. Mimi nilikuwa karibu kumtundikia tajiri wa Nyali kipande cha makaburi ya watu kwenye mlango, nikachonga na waridi juu yake.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya hapo niliingia kila yadi ya mbao mjini kwa shaka, na nikagundua kumbe kwa miaka kumi na tano nilikuwa nanunua nimefumba macho.

La kwanza nililoligundua: katika yadi zetu, neno mahogani si jina la mti. Ni jina la rangi. Mbao yoyote yenye wekundu ni mahogani, na isiyo na wekundu hutiwa. Upande wa Changamwe nilionyeshwa "mahogani ya Kongo", rangi safi, bei ya kutamanisha. Nikatia mate kidole gumba, nikasugua. Kidole kikarudi chekundu. Ilikuwa saiprasi iliyopakwa dawa. Tangu siku hiyo sinunui ubao ambao sijaukwangua kwa kisu upande wa nyuma na kuutazama kichwani ulikokatwa, maana rangi hupakwa usoni na mtu mvivu husahau kichwa. Kisha nauinua. Saiprasi haiwezi kujifanya nzito. Mvule wa kweli huwa na mafuta kidogo mkononi, na mara nyingine huficha jiwe ndani, jiwe hasa, gumu, la chokaa, ambalo limeshanivunjia meno ya msumeno mara mbili. Nikiliona jiwe nakasirika na kufurahi kwa pamoja. Mbambakofi nao, maranda yake ukiyatia kwenye kikombe cha maji, maji hugeuka manjano.

Karatasi nazo nimejifunza kuzisoma. Kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kina aina ya mti, kiasi, namba ya gari na tarehe. Muuzaji mwaminifu hukitoa bila kununa. Muuzaji mwingine hukupungia karatasi kwa mbali kama anayefukuza nzi, na ukiishika waona imeandikwa paini ilhali wewe umesimama mbele ya rundo la mvule, au tarehe yake ni ya mwaka juzi. Na tangu Februari 2023 kuna jambo la ziada kwa miti ya nchi za jirani: mbambakofi na jamaa zake wa Afrika, mninga na jamaa zake, na mkangazi, ambao ndio mahogani wa kweli wa Afrika, wote wako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Maana yake mbao hizo hazivuki mpaka kihalali bila hati za mkataba huo. Kwa hivyo mtu akiniambia mninga wake umeingia kwa Lungalunga jana, namwambia vyema, nionyeshe. Wengi hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli upande wa pili wa yadi.

Wenzangu wa Majengo hunicheka. Wanasema nisiponunua mimi atanunua mwingine, na mti ulioanguka hausimami tena. Sina jibu la kuwashinda kwa maneno. Najua tu kwamba mlango ule haukutengenezwa, na deni lake nililipa mimi.

Paini na saiprasi zina heshima yake, tusizidharau. Nyingi ni miti ya kupandwa, hukatwa ikapandwa tena, na mzigo wa paini wa kutoka Mufindi, kule Sao Hill nchini Tanzania, huwa umenyooka vizuri. Ila hapa pwani mchwa huila kama mkate. Naitumia ndani ya nyumba, juu ya sakafu ya saruji, ikiwa imetiwa dawa, basi.

Kilichobadilisha kazi yangu ni mwembe.

Sijui kwa nini tulikuwa tunaudharau. Pengine kwa sababu umetuzunguka. Kwale na Kilifi zimejaa miembe mizee isiyozaa vizuri tena, na wenyewe huikata kwa mkaa. Gogo la mwembe likipasuliwa vyema ndani lina mawimbi ya dhahabu na kijivu, na mistari ya kahawia kama chai iliyomwagika kwenye leso. Ni mbao ya kati, si nzito kama mbambakofi, lakini kwa meza na vichwa vya vitanda haina mshindani.

Mwembe wa kwanza niliununua Tiwi. Uliangushwa na upepo wa kusi, mizizi juu, shina ambalo watu wawili hawalikumbatii. Mwenye shamba, kijana mpole wa makamo yangu, akasema Sh8,000. Tukapeana mkono. Siku ya pili nikavuka feri ya Likoni na fundi wa pawa, yaani msumeno wa injini, na vijana wawili. Msumeno ulikuwa umeshaingia shinani nusu mkono alipotokea bibi mmoja na bakora, leso mbili mwilini, akapita katikati yetu pasipo kusalimu, akaketi juu ya gogo.

"Nani amewauzia mti wangu?"

Nikamtazama kijana. Kijana akatazama chini.

Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho kila mtu wa mashambani akijua isipokuwa mimi mtoto wa mjini. Kwetu pwani ardhi na mti ni vitu viwili. Mtu aweza kuuza shamba akabaki na minazi yake. Aweza kuweka miembe rehani na akaendelea kulima mihogo chini yake. Shamba lile lilikuwa la kijana kweli, kwa kurithi. Lakini mwembe ule na minazi sita ya upande wa kisimani babake bibi alimwachia yeye, na yeye ndiye shangazi wa kijana. Kijana alidhani mti ukishaanguka unakuwa wa mwenye ardhi. Shangazi aliona kwamba mti ni wake ukiwa umesimama na ukiwa umelala.

Tulizima pawa. Mazungumzo yalichukua tangu saa nne mpaka adhana ya adhuhuri. Sikuwa na la kusema, nikakaa kivulini nikisikiliza ukoo mzima ukitajwa. Mwisho kijana alitoa pesa zote mfukoni akamkabidhi shangazi. Shangazi akahesabu, akamrudishia elfu moja ya soda, kisha akanigeukia.

"Wewe ni seremala?"

"Naam, shangazi."

"Matawi ni kuni zangu. Na utanitengenezea mbuzi ya kukunia nazi kwa mti huu wa babangu. Iwe na kiti kipana, nimenenepa."

Nikakubali. Pia ilinibidi kurudi nyuma hatua moja: kwenda kwa chifu, kisha ofisi ya misitu Kwale, kwa sababu hata mti wa shambani kwa mtu hauwekwi juu ya pikapu na kupelekwa mjini bila kibali. Afisa aliuliza barua ya mwenye mti. Nikashukuru Mungu kwamba bibi alitokea kabla ya hapo, la sivyo ningepeleka sahihi ya mtu asiye mwenyewe, na ingekuwa habari ile ile ya Mtwapa kwa sura nyingine. Barua ilikwenda na alama ya kidole gumba chake.

Siku hizi nikifika shambani siulizi shamba ni la nani. Nauliza: nani huangua maembe?

Sasa kupata gogo ni nusu ya kazi, tena nusu rahisi. Mwembe hausubiri. Ukiuacha umelala mwezi mmoja na gamba lake, madoa ya ukungu huingia ndani kama wino, na bungua hutoboa matundu madogo madogo huku ukisikia unga unadondoka usiku. Nilipoteza gogo zima la pili namna hiyo kwa sababu mpasuaji alikuwa na harusi. Sasa sikati kabla sijajua mashine ina nafasi. Mbao zikitoka nazipaka boraksi iliyoyeyushwa kwenye maji, vichwa navipaka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye makopo ili zisipasuke, halafu nazipanga chini ya banda la makuti, vijiti vya inchi moja kati ya ubao na ubao, vijiti vyote vimefuatana wima kama vifungo vya kanzu, mawe juu. Upepo upite, jua lisiguse. Mara ya kwanza nilizianika juani nikidhani nafanya haraka. Zilipinda zikawa mitumbwi.

Wazee walikuwa wakisema ubao wa unene wa inchi moja uachwe mwaka. Nilikuwa naona ni mapokeo tu, mpaka niliponunua kipima unyevu. Hapa Mombasa, hewa yetu ikiwa na maji kama ilivyo, mbao ikae bandani miaka mitatu, kipimo changu hakishuki chini ya 14 kwa mia. Hiyo ndiyo kavu ya kwetu. Kitu hiki kilinigharimu meza. Ilikuwa meza ya mikutano ya mwembe, ya ofisi moja Barabara ya Moi, ndefu, nimeijivunia nikaipiga picha kabla ya kuipeleka. Ofisi ile kiyoyozi hakizimwi. Ndani ya miezi miwili uso wa meza ulikuwa na ufa wa kupitisha sarafu, kwa kuwa hewa ya kiyoyozi ilizinyonya mbao maji ambayo upepo wa kusi usingeweza kuyatoa, na mimi nilikuwa nimezibana kwa gundi na skrubu hazina pa kukimbilia. Nikaitengeneza upya bila malipo. Sasa matundu ya skrubu chini ya meza nayachonga marefu, ubao upate kusogea, na mteja namuuliza swali la kiyoyozi kabla ya swali la rangi.

Asiye na kipima unyevu atumie mizani ya dukani. Chukua kipande kimoja cha rundo, kipime, andika kwa chaki. Wiki ya pili kipime tena. Kikiacha kupungua, mbao imefika inapoweza kufika.

Miti mingine ya kwetu nimeijaribu pia. Mwarobaini hukatwa mjini kila panapojengwa ghorofa, na mara nyingi hupewi kwa bei bali kwa kuombwa uuondoe. Vumbi lake ni chungu mpaka kooni, chai ya jioni huonja shubiri, lakini kwa masanduku na droo za nguo naupenda, na wachongaji wa Changamwe nao wamekuwa wakiutumia tangu muhugu wa msituni ulipoadimika. Mnazi mzee huwa na mbao nzuri upande wa nje tu. Katikati ni sponji, na hula makali ya msumeno kwa siku moja. Mvinje ndio mti wa kushangaza: mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo Rene Haller aliupanda kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji Bamburi, mahali pasipo na udongo, na ukaota. Wakulima wa Kwale na Kilifi huupanda kwa ajili ya nguzo. Kwa mbao haufai, hupasuka vibaya, ila kwa nguzo za banda langu la makuti sikuhitaji kumuuliza mtu boriti za mikoko.

Halafu kuna mbao ambazo zilishakatwa kabla hatujazaliwa. Majengo na Tudor nyumba za zamani hubomolewa kila mwaka, na fremu za mvule huishia kwenye moto wa kuchemshia lami. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, huko sigusi kitu bila watu wa Makumbusho kusema. Kwingineko nimezoeana na wabomoaji, hunipigia. Mbao hizo zimekauka miaka hamsini, haziendi popote. Gharama yake ni misumari. Nilinunua sumaku kubwa, naipitisha kila upande kabla ya mashine, na bado nimeharibu meno ya msumeno kwa msumari uliokatika kichwa na kujificha. Mbao za jahazi kuukuu ni nzuri kwa macho tu: zimelewa chumvi, kila mvua huvuta maji, na skrubu ya chuma huoza ndani. Tumia shaba nyeupe au usitumie kabisa.

Yule mteja wa Nyali alirudi mwaka jana. Hakuwa na kinyongo, au alikuwa nacho akakificha. Mlango wake ni wa mvule wa nyumba ya Tudor, na mfaa una matundu matatu ya misumari ambayo alinikataza kuyaziba.

Deni lililobaki ni la Tiwi. Mbuzi ya shangazi niliitengeneza mapema, ndani ya mwezi mmoja, kwa kipande kibichi, ili nimfurahishe. Nikaituma kwa matatu. Baada ya miezi mitatu ikarudi kwa matatu hiyo hiyo, kiti kimepasuka kuanzia jino la chuma mpaka nyuma, na ujumbe wa mdomo aliopewa utingo: mwambie fundi, mti wa babangu haukuwa na ufa.

Kipande cha pili kiko juu ya rundo, kipana, kimeandikwa tarehe kwa chaki. Ijumaa iliyopita kilikuwa kilo 4 na gramu 150. Ijumaa ya nyuma yake, kilo 4 na gramu 180. Jana alinipigia.

"Mwanangu, bado?"

"Bado, shangazi."

"Haya. Nazi ninazo."